Mhogo Wenye Presha Nzuri

Nyumbani kwangu siku hizi ushahidi wangu haupokelewi. Nikisema nimechoka, mama Rehema hanitazami usoni, ananitazama mkononi. Nikilalamika kwamba usiku sikupata usingizi, anaunyanyua mkono wangu wa kushoto, anabonyeza, anasoma, halafu anatoa hukumu: "Umelala masaa saba na dakika kumi na mbili, baba Rehema. Usingizi mzito masaa mawili. Acha visingizio, tanki halijajaa maji."

Aliyelala ni mimi. Aliyekodolea dari macho, akimsikiliza mbwa wa jirani akibishana na mbwa wa mtaa wa pili, ni mimi. Lakini anayeaminiwa ni kidude cha plastiki kilichokuja kwenye boksi lenye picha ya Mzungu anakimbia ufukweni huku anacheka. Tangu lini mtu akakimbia anacheka?

Kidude chenyewe wanakiita saa janja. Binti yangu Rehema, anayefanya kazi Dodoma, alininunulia Kariakoo alipokuja likizo, kwa kijana aliyekuwa amezipanga juu ya meza pamoja na soksi, kava za simu na tochi za kuchaji kwa jua. Kijana alituhakikishia kwamba inapima kila kitu. Hatua, mapigo ya moyo, presha, oksijeni, usingizi, msongo wa mawazo, na hapo akashusha sauti, hata sukari, bila kukutoboa. Yote hayo kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji. Nilitaka kumwuliza kwa nini basi serikali inahangaika kujenga hospitali, Rehema akanivuta shati.

Saa ingeniudhi kiasi tu kama ingebaki mkononi. Rehema aliiunganisha na simu yangu, akaiunganisha simu yangu na simu yake, akarudi Dodoma. Sasa nikiamka nakuta ujumbe: "Shikamoo baba. Mbona jana hatua 1,900 tu? Unaumwa?" Huyu ni mtoto niliyemfundisha kutembea. Nilimshika mikono miwili, akaanguka, nikampangusa magoti. Leo ananihesabia hatua kutoka kilomita mia nne na ushee.

Na shemeji yangu, kaka yake mama Rehema, alipoiona akanunua ya kwake, kubwa zaidi, yenye kamba ya rangi ya machungwa. Jumapili moja tulikaa sebuleni tukazilinganisha. Yangu ilisema moyo wangu unapiga 76. Akaivua yake akanivisha, ikasema 89. Akatafakari, akatoa uamuzi kwamba yake ndiyo sahihi kwa sababu imezidi elfu ishirini.

Hapo nikaona lazima shahidi huyu ahojiwe. Na kumhoji shahidi kunahitaji kitu kimoja ambacho shemeji hakuwa nacho: jambo ambalo ukweli wake unaujua tayari kwa njia nyingine. Kupima saa kwa saa ni sawa na kumwuliza mwizi kama rafiki yake ni mwizi.

Nikaanza na mapigo ya moyo, kwa sababu hayo mtu anaweza kuyahesabu mwenyewe bila kumlipa yeyote. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, macho kwenye saa ya ukutani, sekunde 30, zidisha mara mbili. Nimekaa kibarazani, nimetulia. Vidole vikasema 74, saa ikasema 73. Nikarudia, tukapishana kwa pigo moja au mawili. Niliudhika, maana nilitaka iumbuke mapema niirudishe kwenye boksi, lakini haki itendeke. Kwa hili ilisema kweli. Wataalamu nao wameliona. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwavisha watu 60 vifaa saba vya mkononi, wakawatembeza, wakawakimbiza, wakawapandisha baiskeli, huku wakiwapima pia kwa mashine za kitabibu. Vifaa sita kati ya saba vilihesabu mapigo ya moyo kwa kosa ambalo kwa kawaida halikufika asilimia 5.

Siri yake iko mgongoni. Geuza saa utaona vitaa vya kijani vinapepesa. Damu hunywa mwanga wa kijani. Moyo unaposukuma, damu huongezeka kidogo chini ya ngozi na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Kati ya pigo na pigo damu hupungua na mwanga hurudi zaidi. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko. Ni akili nzuri sana, mradi ukae kitako. Ukianza kukimbia, mkono unatikisika, saa inachezacheza, mwanga unaingia pembeni, na hesabu inavurugika. Wakati mwingine kinachohesabiwa ni mtikisiko wa mguu wako kugonga lami, na saa inakuambia huo ndio moyo.

Nililiona hili siku niliyoikimbilia mwendokasi. Niliingia mlangoni moyo unataka kutoka kupitia masikioni, nikaitazama saa: 88. Kama mtu anayesoma gazeti. Nikapata kiti, nikatulia, nikaanza hata kusinzia, ikatetema kwa nguvu: 151, tahadhari, punguza kasi ya mazoezi! Abiria wa jirani akaniangalia kwa huruma.

Swali likanikaa kichwani. Kama saa kazi yake ni kutafuta mawimbi ya mwanga, je, isipoyakuta itasema haijayakuta? Nchini China watu waliwahi kulivisha saa za namna hii bunda la karatasi za chooni, likapatikana na moyo unaodunda. Sikutaka kuharibu karatasi. Nikaingia jikoni nikachagua mhogo, mmoja mnene wa kadiri ya mkono wangu, nikaufunga saa barabara, nikaulaza mezani, nikabonyeza.

Vitaa vikapepesa. Mduara ukazunguka. Mhogo ukapatikana na mapigo 68, oksijeni asilimia 97, presha 118 kwa 76. Msongo wa mawazo: wa kawaida.

Nikamwita mama Rehema aje ashuhudie. Alisoma, akausogeza mhogo kwenye mwanga, akasoma tena. "Una presha nzuri kuliko kaka yangu," akasema. Jioni tuliupika kwa nazi.

Sasa nisieleweke vibaya. Kukosea si dhambi. Fundi wangu wa cherehani hukosea, na akikosea ananiambia, "Mzee, hapa kiunoni sina hakika, njoo ujaribu tena Alhamisi." Saa haina Alhamisi. Kile ilichokipima na kile ilichokitunga inavisema kwa sauti ileile, kwa tarakimu zilezile, bila hata kuguna. Ingekuwa inaandika "sijui" mara moja kwa wiki, ningeivaa mpaka kaburini.

Tuje kwenye hatua, maana ndizo zinazoniletea ujumbe kutoka Dodoma. Saa haina habari na miguu yako. Iko mkononi, na ndani yake kuna kihisi cha mtikisiko. Mkono ukipunga mbele na nyuma kwa mwendo wa kutembea, inajumlisha. Kwa hiyo kama mkono umetulia, wewe hujatembea. Jirani yetu anapandisha ndoo ya lita ishirini kichwani kutoka bombani, mkono mmoja umeishika ukingoni, anapanda kilima chetu ambacho hata bajaji hukipanda kwa kunung'unika. Nilimwomba aivae safari moja katika huo mkono wa ndoo. Saa ilimpa hatua chache kiasi kwamba mtu angedhani maji yalimfuata nyumbani yenyewe.

Upande wa pili wa mizani yuko muuza kahawa wa mtaa wetu. Mkono mmoja amebeba dele, mkono mwingine anagonganisha vikombe, ka-ka-ka-ka, ndivyo anavyotangaza. Nilimpa saa azunguke nayo mpaka kwenye baraza la bao na kurudi, kwanza kwenye mkono wa dele, kisha kwenye mkono wa vikombe. Njia ileile, miguu ileile. Mkono wa vikombe ulitembea zaidi ya mara mbili ya mkono wa dele. Aliporudisha aliniuliza kama kuna mahali wanalipa kwa hatua, kwa sababu yeye yuko tayari.

Mama Rehema ndiye aliyevunja rekodi. Alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili, akahamia kwenye unga akaukanda, akasukuma chapati za watu sita. Kutoka kwenye kigoda hadi jiko la mkaa ni kunyoosha mkono tu. Alipomaliza, saa ilitetema, ikarusha fataki za rangi kwenye kioo, ikaandika hongera, umefikisha lengo. Nikacheka, nikamwambia unaona sasa, huu ndio uongo ninaousema. Yeye hakucheka. Akafuta unga kwenye kioo taratibu. "Nimeolewa humu miaka thelathini," akasema, "hii ndiyo ya kwanza kunipongeza kwa kazi ya jikoni."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Na hilo lengo lenyewe la hatua 10,000 ambalo watu wazima wanazunguka nalo usiku sebuleni ili litimie, mnajua lilikotoka? Si kwa daktari. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya saa ya Kijapani iliingiza sokoni kipima-hatua cha kuvaa kiunoni, ikakipa jina lenye elfu kumi ndani yake. Namba ya mviringo, inakaa vizuri kwenye tangazo, ikazunguka dunia mpaka ikanifikia mimi. Sayansi ilikuja kukagua baadaye sana. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 nchini Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliokuwa wakitembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Nilimtumia Rehema habari hizi. Akajibu: "Sawa baba. Basi fikisha hizo 4,400."

Usingizi nitausema haraka kwa sababu unanipandisha presha, ile ya kweli. Hospitali inayopima usingizi sawasawa inakubandika nyaya kichwani isome mawimbi ya ubongo, inafuatilia macho, misuli na pumzi. Saa haina waya hata mmoja kwenye ubongo wangu. Inachojua ni kwamba mkono umetulia na moyo umepunguza kasi, basi inabuni yaliyobaki. Siku ya dabi ya Kariakoo nilikaa kwenye kochi kipindi chote cha pili bila kutikisa kidole, kwa sababu timu yangu (siitaji, nyumba yetu ina itikadi mbili) ilikuwa inafungwa na nilikosa nguvu hata ya kunyanyua rimoti. Saa iliandika usingizi mzito. Mama Rehema, wa itikadi ile nyingine, alisema hiyo ni mara ya kwanza saa kukubaliana na mabeki wetu. Huko Marekani mwaka 2017 wataalamu wa usingizi waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa wanakosa usingizi kwa kuhangaikia alama za usingizi za vifaa vyao. Wala sishangai. Mimi mwenyewe nikizinduka usiku siku hizi nabaki nimejikausha, nisije nikashushiwa alama.

Kalori ni kichekesho kitupu. Utafiti uleule wa Stanford uliovisifu vifaa kwa mapigo ya moyo ulivikuta hoi kwenye nishati: kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, kibaya kuliko vyote asilimia 93. Kosa la asilimia 93! Ukienda gengeni na mizani ya namna hiyo utachomwa moto pamoja nayo. Lakini watu wanakula kwa hesabu hizo. Shemeji akitoka kutembea saa inamwambia amechoma kalori 640, anaona sasa ana haki ya chipsi mayai, na mshikaki mmoja wa kumsindikiza. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kiliwahi kuwaweka vijana 471 kwenye mpango wa kupunguza uzito kwa miaka miwili. Wote walipewa mlo, mazoezi na ushauri, lakini nusu yao baadaye wakaongezewa kifaa cha kuvaa. Matokeo yalitoka mwaka 2016: wasio na kifaa walipungua kilo 5.9, wenye kifaa kilo 3.5. Nimemsomea shemeji. Kasema wale ni Wazungu, hawajui kutembea.

Kwenye oksijeni sina utani. Mwaka 2020, katikati ya korona, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kwenye New England Journal of Medicine uchunguzi wa kile kipimo cha kubana kidole, ambacho kila hospitali inakitegemea. Walilinganisha namba zake na vipimo vya damu yenyewe. Kati ya vipimo ambavyo kidole kilionyesha oksijeni iko asilimia 92 hadi 96, damu ilikuwa imeshuka chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 tu ya vile vya weupe. Zaidi ya mara tatu. Weusi wa ngozi nao hunywa mwanga, na kifaa kinachosoma mwanga kinapaswa kuundwa kwa kulijua hilo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mtu anaweza kulala wodini, anakosa hewa, huku kifaa kinamwambia daktari kwamba mambo shwari, kwa sababu aliyekirekebisha kiwandani hakumfikiria. Hicho ni kipimo cha hospitali, cha kwenye kidole, chenye kazi moja tu maishani. Sasa hii yangu ya mezani Kariakoo, iliyompa mhogo asilimia 97, inaniambia mimi 98. Nashukuru kwamba nimeushinda mhogo.

Basi turudi kwa shemeji, maana ndiye aliyefanya niandike haya badala ya kunung'unika kibarazani tu.

Shemeji ana presha, na anajulikana ana presha, kwa miaka. Alipewa vidonge zahanati. Mojawapo kinampeleka chooni mara kwa mara, jambo linalomkera akiwa kwenye daladala. Aliponunua saa yenye kamba ya machungwa, akajipima asubuhi: 121 kwa 79. Mchana: 119 kwa 78. Jioni baada ya kugombana na mpangaji wake: 120 kwa 78. Akafurahi. Akaanza kuvipunguza vidonge, kwanza siku moja moja, halafu akaviacha kabisa, na akatutangazia Jumapili mezani kwamba amepona. Mama Rehema akanitazama, nikamtazama. Wote wawili tulikuwa tunauwaza mhogo.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawajui kwamba wanayo. Ukiwa na jino bovu, jino ni shahidi tosha. Presha haina shahidi isipokuwa namba, na namba ikiwa ya uongo hakuna kitakachoikanusha mpaka siku mshipa utakapoikanusha wenyewe kichwani.

Tulimpeleka zahanati kwa hila ya kumsindikiza dada yake. Sista alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Hakukimbilia kumpima. Alimkalisha kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kimya. Hapo kwenye kimya ndipo shemeji alipoteseka. Kisha akamfunga mkanda juu ya kiwiko, ukajaa hewa, ukambana mpaka akakunja uso.

168 kwa 102. Wakangoja kidogo, akarudia. 164 kwa 100.

Shemeji akaivua saa kwa haraka akaiweka mezani. Ilikuwa imempima dakika ileile: 119 kwa 77. "Sista, labda hiyo mashine yenu imechoka."

Sista akaichukua saa, akaigeuza, akatazama vitaa vya kijani. "Nzuri," akasema. "Na muda inaonyesha?"

"Inaonyesha, sista."

"Basi usiitupe. Lakini kaka yangu, hii ya kwetu inakubana. Hiyo yako inakubembeleza."

Sijasikia maelezo ya kitaalamu mafupi kuliko hayo. Mkanda unaubana mshipa mpaka damu isimame, kisha unalegeza polepole na kusikiliza inaanza kupita wapi na inapita bila kizuizi wapi. Unashindana mabavu na damu yako, ndiyo maana unaijua nguvu yake. Saa ya namna yetu haishindani na chochote. Inaangalia umbo la wimbi la mwanga, inachungulia umri na uzito ulioujaza siku ya kwanza, inabahatisha namba itakayokupendeza. Niliporudi nyumbani niliingia kwenye programu ya saa yangu nikabadilisha umri, nikajiandika miaka 25. Presha ikashuka papo hapo. Sijawahi kuona tiba ya bei nafuu kiasi hicho.

Zipo saa za heshima zaidi, najua, nisije nikaandikiwa barua. Omron waliwahi kutoa saa ambayo kamba yake inajaa hewa na kubana kweli. Zile za Samsung zinazopima presha zinakutaka uzilinganishe na mashine ya mkanda kila baada ya wiki nne. Maana yake nini? Maana yake mkanda unao, upo ndani, umeukalia. Si ujifunge huo huo?

Sukari ndiyo iliyonifanya nimtafute tena yule kijana wa Kariakoo, lakini meza ilikuwa imehama. Shangazi yangu wa Tanga ana kisukari, anajichoma kidole kila siku, alisikia nina saa ya kupima bila sindano akaniomba kwa sauti ya kubembeleza. Nikamwambia hapana, shangazi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari kwenye damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Hakuna hata moja, si ya bei mbaya wala ya bei chee. Na mtu anayejidunga insulini kwa kufuata namba ya kubuni anaweza asiamke. Shangazi alinuna mwezi mzima. Nilimweleza kwamba saa ile iliupima mhogo, ambao ni wanga mtupu, ikaukuta na sukari 5.3. Akaniuliza mhogo ulikuwa umekula nini.

Kwa upande wa haki, maana nimesema itendeke: kuna kazi moja ambayo baadhi ya hizi saa zimeifanya kwa adabu. Stanford haohao waliwashirikisha watu 419,297 waliovaa Apple Watch, saa ikiwa inasikilizia moyo unaopiga bila mpangilio, ule ugonjwa unaoweza kuleta kiharusi. Walioonywa walikuwa wachache sana, karibu nusu ya asilimia moja. Kati ya walioonywa wakabandikwa kifaa cha kurekodi umeme wa moyo na kukirudisha, theluthi moja hivi walikutwa nao kweli. Zingatia saa iliwaambia nini. Haikuwaambia wanaumwa, wala haikuwapa namba ya kujigamba nayo mezani Jumapili. Iliwaambia kuna kitu, nendeni mkaangaliwe. Shahidi wa aina hiyo hata mimi ningempa kiti.

Shemeji amerudi kwenye vidonge. Sista kambadilishia muda wa kile cha chooni, wa jioni uwe wa asubuhi, au wa asubuhi uwe wa jioni, sikumwelewa, ilimradi daladala imesalimika. Saa ya kamba ya machungwa bado anaivaa. Anasema inaonyesha muda.

Ya kwangu nimeivua. Anayeivaa sasa ni mama Rehema, hasa akiingia jikoni, na siku za chapati fataki hazikatiki. Simu ya Rehema huko Dodoma haijui mkono umebadilika. Juzi kanipigia kwa furaha: hatua 14,000 kwa siku moja, moyo umetulia, usingizi wa mtoto mchanga. "Baba, nimewaonyesha hata wenzangu ofisini. Unafanyaje?"

Nikamwambia mazoezi tu, mwanangu. Mazoezi na nidhamu.